Juma Moja la Msimamizi wa Mikataba ya Ujenzi

Ni nani kati yetu asiyepata kusimama kando ya njia kutazama nyumba ikijengwa? Twawaona waashi wakipanga matofali, maseremala wakipigilia mbao, vijana wakisukuma matoroli ya mchanga, nasi twasifu kazi ya mikono yao; na ni haki kuisifu. Lakini ni mara chache twajiuliza: Ni nani aliyeagiza simenti hii ifike leo wala si kesho? Ni nani ajuaye kama vyuma vilivyomo ndani ya nguzo ni vile vilivyoahidiwa? Na mwenye nyumba akichelewa kulipa, ni nani atakayesimama mbele ya wafanyakazi siku ya mshahara?

Mtu huyo huitwa msimamizi wa mikataba. Mjini Lubumbashi, ambako nyumba mpya zaota kama uyoga baada ya mvua, tulipata ruhusa ya kufuatana na mmoja wao juma zima, katika mwezi wa Oktoba, mawingu ya kwanza yakianza kukusanyika. Alituomba tusitaje jina lake, wala la kampuni yake, wala la shule ambayo habari yake mtaisoma hapa chini. Ombi lake tumeliheshimu.

Kazi yake ni nini?

Msimamizi wa mikataba si mchora ramani, wala si kapita. Mchora ramani huamua sura na vipimo vya nyumba. Kapita huwaongoza watu kiwanjani saa kwa saa. Msimamizi yuko kati yao na mwenye mali. Kazi yake ni kuangalia kwamba yale yaliyoandikwa na kutiwa sahihi yanatendeka kweli, kwa vipimo vilivyopatanwa, kwa bei iliyopatanwa, na katika siku zilizopatanwa.

Juma hilo alikuwa na viwanja vitatu mkononi mwake: shule ya vyumba sita vya masomo, vitatu chini na vitatu juu, iliyoagizwa na parokia pamoja na kamati ya wazazi, zahanati ndogo upande wa Kipushi, na nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa mjini.

Kila kiwanja kina mkataba wake, na ndani ya kila mkataba mna mambo manne: ramani, orodha ya kazi pamoja na bei zake, kalenda ya kazi, na masharti ya malipo. Mtu asidhani kwamba karatasi hizo ni desturi tu ya ofisini. Sheria ya mikataba ya nchi yetu, iliyowekwa tarehe 30 Julai 1888, yafundisha kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki huwa ni sheria kwa wale waliopatana. Wahenga walikwisha kulisema neno hilo kabla ya wanasheria: ahadi ni deni.

Siku ya kwanza: hesabu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi msimamizi alikwisha kufika ofisini. Mezani pake palikuwa na vitabu vitatu, kimoja kwa kila kiwanja. Kapita huandika humo kila jioni idadi ya watu waliofanya kazi, vitu vilivyoletwa, vitu vilivyotumika, na kama mvua ilinyesha. Msimamizi huvisoma kama vile mganga anavyotazama ulimi wa mgonjwa.

Alisoma kwanza kitabu cha shule. Juma lililopita, siku ya pili, walikuwa wamemwaga zege ya nguzo 12 zitakazobeba sakafu ya vyumba vya juu. Akachukua kalamu akafanya hesabu, nasi twawapa ninyi wanafunzi muifanye pamoja naye. Kila nguzo ina upana wa sentimeta 30 kwa 30, na urefu wa meta 3. Basi nguzo moja ni meta za ujazo 0.27, na nguzo 12 ni meta za ujazo 3.24. Mkataba wataka kilo 350 za simenti katika kila meta ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Zidisheni: mifuko 22 na zaidi ya nusu. Ukiongeza kidogo kwa ajili ya ile inayomwagika, utapata mifuko 25. Kitabu cha ghala kilionyesha kwamba mifuko 25 ilitoka. Hesabu ilikubali, naye akafunga kitabu kwa amani.

Siku yote iliyobaki ilikuwa ya karatasi na simu. Vyuma vya zahanati vilikuwa bado mpakani Kasumbalesa, kwa maana vitu vingi vya ujenzi huingia Katanga kwa njia hiyo, navyo hungoja huko siku zisizohesabika. Mwenye mchanga alitaka bei mpya. Mwenye lori alitaka kulipwa kwanza. Kila mmoja alijibiwa kwa upole, na kila jibu liliandikwa.

Siku ya pili: macho na mikono

Siku ya pili ni ya kuzunguka viwanjani. Tulianza na zahanati. Mahali pale palikuwa na kichuguu kikubwa, kama vile vilivyojaa katika nchi ya Katanga. Watu wetu wapenda udongo wa vichuguu, kwa sababu hutoa matofali mazuri ya kuchoma. Lakini udongo ule ule ufaao kwa tofali haufai kubeba msingi. Ni udongo wa mfinyanzi: ukilowa huvimba, ukikauka hujikunja, na ukuta uliosimama juu yake hupasuka. Kapita alikuwa amesawazisha kichuguu na kutaka kuanza msingi. Msimamizi akachukua chuma kirefu, akakichoma ardhini mahali pengi, akasema: “Chimbeni tena mpaka mfike kwenye udongo mgumu. Siku mbili za jasho leo ni bora kuliko ufa wa miaka yote.”

Kisha tulikwenda shuleni. Watoto walikuwa wakisomea chini ya turubai, madarasa matatu kwa zamu, wakingoja jengo jipya. Msimamizi alipima kwa timazi, akahesabu vyuma vya ngazi, akawakemea vijana wawili waliopanda jukwaani bila kofia ngumu. Alipofika penye zege mpya aliona maji mengi mno. “Wengi wapenda zege nyepesi kama uji,” alituambia, “kwa sababu yamwagika bila taabu. Lakini maji yaliyozidi, yakikauka, huacha vitundu ndani, na zege huwa dhaifu. Kwa simenti kilo 350, maji lita 175 au karibu na hapo yatosha.”

Saa nane alikwenda mahali panapopimwa vifaa vya ujenzi. Kila zege ya nguzo imwagwapo, sehemu ndogo hutiwa katika kalibu za chuma, nayo hulindwa hata siku ya 7 na siku ya 28. Ndipo huwekwa katika mashine ibanayo kwa nguvu mpaka ipasuke. Siku ya 7 zege njema huwa imekwisha kupata karibu theluthi mbili za nguvu yake ya siku ya 28. Vipande vilivyotwaliwa asubuhi ya siku ile ya nguzo vilistahimili vizuri. Vile vya alasiri vilipasuka kabla ya kufika hata nusu.

Msimamizi hakusema neno. Aliomba vipimo virudiwe kwa vipande vilivyosalia. Matokeo yakawa yale yale.

Siku ya tatu: swali gumu

Asubuhi alimwita kapita wa shule, mtu mzima mwenye mvi, mwashi tangu ujana wake. Wakakaa chini ya mwembe, mbali na watu.

“Mzee,” msimamizi alisema, “asubuhi ile mlimwaga nguzo sita, na alasiri nguzo sita. Mifuko 25 ilitoka ghalani. Asubuhi mlitumia mingapi?”

“Kumi na miwili.”

“Basi alasiri mlikuwa na kumi na mitatu.”

Mzee akainama akikuna udongo kwa kijiti. Baada ya kitambo akasema: “Mkubwa, alasiri tulikuwa na saba. Wakati wa chakula vijana wawili walipitisha sita nyuma ya ukuta, wakamwuzia mtu ajengaye karibu. Mimi niliporudi nikaiona pengo. Niliogopa kusimamisha kazi, kwa sababu ya kalenda na faini. Nikawaambia waongeze mchanga. Nilinyamaza.”

Wanafunzi, fanyeni tena hesabu. Mifuko 7 ni kilo 350. Nguzo sita ni meta za ujazo 1.62. Gawanyeni: kila meta ya ujazo ilipata kilo 216 tu mahali pa 350. Na juu ya nguzo hizo wangekaa watoto wa vyumba vitatu, pamoja na walimu wao, madawati yao na vitabu vyao.

Mkataba una neno wazi juu ya jambo hilo: kazi isiyofikia kipimo hubomolewa na kufanywa upya kwa gharama ya mjenzi. Una neno lingine pia: kila siku ya kuchelewa, mjenzi hutozwa faini. Basi msimamizi alipaswa kwenda kwa mkurugenzi wake mwenyewe, mtu ampaye mkate, kumwambia kwamba nguzo sita zibomolewe, simenti inunuliwe tena, na faini ilipwe juu yake.

Hatukuwa ndani ya chumba kile, lakini yeye mwenyewe alitusimulia. Mkurugenzi alisikiliza, kisha akauliza: “Nguzo zikipakwa plasta, ni nani atakayeziona?”

“Mimi nimekwisha kuziona, Bwana Mkurugenzi. Watoto watakaokaa juu yake ndio wasioweza kuziona.”

“Labda zitasimama tu. Nyumba ngapi mjini humu zina zege mbaya kuliko hiyo, nazo zasimama?”

“Labda. Lakini sisi hatukutia sahihi neno ‘labda’.”

Mkurugenzi alikasirika, akamwambia atoke, wala asipeleke habari yo yote kwa kamati kabla hajamwita. Msimamizi alirudi nyumbani kwake jioni hiyo asijue kama kesho atakuwa bado na kazi. Ana watoto watano, na wawili kati yao wasoma kwa karo. Mkewe alimwuliza mbona hali chakula. Alipomweleza, mama huyo akamjibu kwa maneno machache: “Baba, watoto wale ni kama hawa wetu.” Usiku huo aliandika barua mbili: moja ya kuiarifu kamati ya shule, na nyingine ya kuacha kazi. Akazitia zote mbili mfukoni.

Ndugu, tusipite hapa upesi. Watu wengi wadhani kwamba uovu mkubwa huanza na watu waovu mno. Hapa hapakuwa na mtu mwovu mno. Palikuwa na vijana wawili wenye tamaa ya fedha kidogo, mzee mmoja mwenye hofu, na mkubwa mmoja aliyetaka kuepa hasara. Kila mmoja aliongeza kosa lake dogo, na makosa hayo madogo yangeweza kuangusha sakafu. Haba na haba hujaza kibaba, cha wema na cha ubaya pia.

Siku ya nne: nyundo

Saa moja asubuhi mkurugenzi alimwita. Hakumkaribisha kiti. Alisema neno moja tu: “Bomoeni.” Labda alikumbuka sheria, ambayo humshika mjenzi kwa muda wa miaka 10 jengo likianguka kwa kosa la ujenzi, au hata kwa kosa la udongo wa mahali pale. Labda alikumbuka jambo lingine. Mungu ndiye ajuaye mioyo. Barua ya kwanza ilipelekwa kwa kamati asubuhi hiyo hiyo. Ya pili ilichanwa.

Nyundo zilianza kulia saa mbili. Ilibidi kubomoa kwa uangalifu, ili vyuma vitokavyo katika msingi visipindwe wala kukatwa, kwa maana nguzo mpya zitashikamana navyo. Watoto walitoka chini ya turubai kutazama, na mmoja akauliza kwa nini wanaharibu shule yao. Mzee kapita, ambaye mwenyewe alikuwa ameshika nyundo, akamjibu: “Mjukuu wangu, tulijenga vibaya. Sasa twajenga tena.”

Msimamizi alikaa na kalenda yake. Nguzo mpya zitamwagwa siku ya kwanza ya juma lijalo. Zitalindwa na kumwagiwa maji siku 7. Sakafu itachelewa, na mabati pia. Na mvua kubwa zitaanza katika Novemba. Aliamua kuongeza kundi la pili la maseremala, waandae mbao za paa chini wakati nguzo zikikomaa juu. Siku nyingine za kuchelewa haziwezi kupatikana tena, na zitalipiwa.

Alasiri tulikwenda kwa mfanyabiashara. Nyumba yake ilipangwa kuwa na orofa moja, na msingi wake ulichimbwa kwa orofa moja. Sasa alitaka ya pili, apangishe watu.

“Mwanangu,” alisema, “matofali nitanunua mimi. Kwako ni maneno matatu tu: endelea, endelea, endelea.”

“Baba,” msimamizi akajibu, “ukuta niwezao kuongeza ni wa juu. Msingi niwezao kuongeza uko wapi?”

Akamweleza habari ya jengo liitwalo Rana Plaza, mjini Savar karibu na Dhaka, katika nchi ya Bangladesh. Lilikuwa na orofa nane, na zile za juu ziliongezwa bila kibali. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo, vilivyokuwa katika orofa za juu, waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 jengo lote liliporomoka, na watu 1,134 wakafa, wengi wao wanawake vijana walioshona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema. Huko hawakupewa hata nafasi ya kujenga ukuta.

Mfanyabiashara alinyamaza, akaahidi kumwita mhandisi apime msingi kwanza. Msimamizi akaliandika jambo hilo, wakatia sahihi wote wawili. “Neno la mdomo,” alituambia njiani, “lina miguu, laweza kuondoka usiku.”

Siku ya tano: kupima kazi

Siku ya tano, mjumbe wa kamati ya shule alikuja na kamba yake ya kupimia. Ndiyo desturi mwishoni mwa mwezi: pande zote mbili hupima pamoja kazi iliyokwisha, huzidisha kwa bei iliyoandikwa, na hati ya malipo hutengenezwa. Katika kila malipo sehemu fulani huwekwa akiba kama dhamana. Hairudishwi yote mpaka jengo lipokewe, likae tena muda uliopatanwa, mara nyingi mwaka mmoja, na makosa yake yajulikane. Kwa njia hiyo mvua za mwaka mzima nazo huwa shahidi.

Nguzo sita zilizobomolewa hazikuhesabiwa. Mjumbe, mama mmoja mwalimu, alikuwa amesoma barua mara mbili. Alisema: “Tulipoipata tuliogopa kwamba mmetudanganya. Kisha tukafahamu kwamba mtu adanganyaye haandiki barua kama hii.” Juu ya faini hakusamehe zote, alisema fedha ni za wazazi, si zake. Lakini alikubali kuipeleka kamatini habari ya kundi la pili la maseremala, ili siku zitakazookolewa zihesabiwe. Msimamizi aliona kwamba ni haki.

Siku ya posho

Jumamosi wazee wetu waliiita siku ya posho, kwa kumbukumbu ya zamani zile ambapo makampuni yaliwagawia wafanyakazi chakula cha juma. Jina limebaki, na maana yake imebaki pia: siku hiyo nyumba nyingi hungoja baba arudi na kitu mkononi.

Malipo ya mfanyabiashara yalikuwa hayajafika. Wakubwa wengine huwaambia watu, “Ngojeni, nami nangoja.” Msimamizi wetu hapendi jibu hilo. Mwanzoni mwa kila mkataba yeye hutenga fedha za mishahara mbali na fedha za vifaa, ili deni la tajiri lisigeuke njaa ya maskini. Sheria ya Musa yaagiza kwamba kibarua alipwe siku yake kabla ya jua kuchwa. Na Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbele ya Mungu. Papa Leo XIII naye, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa liliálo mbinguni.

Tulitazama watu wakiitwa mmoja mmoja. Msimamizi aliwasomea saa zao. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 haipitishi saa 45 kwa juma, na saa zilizozidi zina malipo yake. Wale vijana wawili waliouza simenti walilipwa siku walizofanya kazi, kwa maana hata mwenye kosa hadhulumiwi. Kisha wakaachishwa kazi, na deni la mifuko sita likaandikwa mbele yao na mbele ya wazazi wao. Mzee kapita alibaki. Wengine walinung'unika. Msimamizi akawaambia: “Alinyamaza siku moja, lakini siku ya kuulizwa hakusema uongo. Tangu leo penye kuchanganya zege watasimama watu wawili wa kuhesabu, wala si mmoja.”

Siku ya Mungu

Jumapili viwanja vyote vilikuwa kimya. Tulimwona msimamizi katika Misa Takatifu pamoja na mkewe na watoto watano, bila kitabu, bila kalamu. Baada ya Misa tulimwuliza ni jambo gani lililo zito kuliko yote katika kazi yake. Tulidhani atasema Kasumbalesa, au fedha, au mvua. Alijibu: “Ni kutia sahihi. Kila mara nashika kalamu, najiuliza kama ningelaza watoto wangu chini ya kile ninachokitia sahihi.”

Bwana wetu Yesu Kristu, aliyeishi katika nyumba ya seremala, alijua habari za ujenzi. Alisimulia juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kuanza mnara, na juu ya nyumba mbili, moja mwambani na nyingine mchangani. Na zamani zaidi, sheria ya Musa iliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tangu zamani, basi, Mungu huwauliza wajenzi habari za wale watakaokaa humo, hata wale wasiojulikana majina yao bado.

Shauri kwa jamaa zetu

Wasomaji wengi wa gazeti hili hujenga nyumba ndogo, chumba baada ya chumba, kwa akiba ya miaka. Msidhani mambo haya ni ya makampuni tu. Chukueni haya matano:

Kwanza, patana na fundi wako kwa maandishi, ukurasa mmoja watosha: kazi gani, vifaa gani, bei gani, siku ngapi, mtie sahihi mbele ya shahidi.

Pili, usilipe yote mwanzoni. Lipa msingi ukiisha msingi, ukuta ukiisha ukuta, na bakiza sehemu mpaka mvua za kwanza zipite.

Tatu, hesabu mifuko ya simenti inapofika na inapofunguliwa. Mwache mtoto wako mwanafunzi aiandike. Ni somo zuri la hesabu.

Nne, usijenge juu ya kichuguu kilichosawazishwa, wala juu ya shimo la takataka lililofukiwa. Chimba mpaka kwenye udongo mgumu.

Tano, mlipe fundi wako siku mliyopatana. Mtu akaaye na njaa hujaribiwa kuuza simenti.

Nanyi vijana mlio shuleni, mkipenda kazi hii, jifunzeni hesabu, jifunzeni kuandika barua iliyo wazi, jifunzeni kusema na mzee kwa heshima na na mkubwa bila hofu. Shule ile ya Lubumbashi ilikuwa na nguzo sita mbovu kwa siku tisa tu. Siku ya kwanza ya juma lililofuata tulipita hapo asubuhi, tukaona mashine ya zege ikizunguka. Pembeni walikuwa wamesimama mzee kapita na mwalimu yule wa kamati, kila mmoja na daftari lake, wakihesabu mifuko kwa sauti: mmoja, miwili, mitatu.